Chungu cha Mama Mkwe

Watu huniita mpole kwa sababu mimi ni mwinjilisti. Hawanijui. Asubuhi nilipokuta migomba yangu yote imelazwa chini, mikungu michanga imekatwakatwa, nilitamani kumng'ata mtu.

Tangu mume wangu afariki na usharika unikabidhi kanisa la mtaa wetu hapa Akheri, shemeji yangu, kaka wa marehemu, hakunipa nafasi ya kupumua. Mwanamke wa ukoo wao, alisema, hawezi kusimama mbele ya wanaume akawahubiria. Niache huduma, la sivyo nirudi kwetu na watoto wabaki. Mfereji ukawa unazibwa kila ikifika zamu yangu ya maji. Nikaitwa mchawi sokoni, mchana kweupe. Dada yangu anayeishi Kijenge akanipigia simu: "Hamia mjini, mdogo wangu. Mungu hajakutuma ufie shambani." Nikamjibu kwa ukali kwamba nikihama, kanisa letu la mabati litafungwa.

Siku hiyo ya migomba shemeji alipita kunipa pole. Yeye ni mtu wa duka, panga hashiki. Ndizi zake hukatwa na vibarua. Lakini kwenye mkono wa koti lake niliona utomvu wa mgomba, bado mbichi. Nilinyamaza.

Mama mkwe hakunyamaza. "Aliyewanyima wajukuu zangu chakula," alisema, "namvunjia chungu."

Kwetu hilo si neno la mchezo. Chungu kikivunjwa kwa laana, mkosaji hukauka, yeye na uzao wake. Hata Wakristo wa siku nyingi husikia baridi mgongoni.

Ukoo ukakusanyika uani kwake. Chungu alichokitoa kilikuwa cha jikoni kwake, cheusi kwa masizi, alichowapikia wanawe wawili tangu wakiwa wadogo. Shemeji alisimama nyuma ya wote, midomo imemkauka, mkewe kando yake na mimba yake kubwa. Mama yake hakujua. Ni mimi tu niliyejua.

Kwa desturi, neno la kwanza hutolewa na aliyeumizwa. Mzee wa ukoo akanigeukia. "Sema, mama mwinjilisti. Tuvunje?"

Nisidanganye: moyo wangu ulisema vunjeni. Mungu wangu ni mkubwa kuliko chungu, hilo naliamini. Lakini shemeji aliamini chungu, na mtu anaweza kufa kwa kile anachokiamini. Na huyu bibi angelaani tumbo lake mwenyewe bila kujua.

"Hapana," nikasema.

Uwanja ulilipuka. "Kwani unamjua?" Sauti moja ya mwanamke ikapenya: "Labda kakata mwenyewe, atafute kuonewa huruma!" Wengine wakaguna kukubali, wakiwemo niliowabatizia watoto wakiwa mahututi. Hiyo iliniuma kuliko migomba. Nikaimeza.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "naomba hicho chungu."

"Cha nini?"

"Nikapikie makande. Jumapili mje wote kwangu."

Akakiinua kwa mikono miwili, akanikabidhi.

Jumapili baada ya ibada walikuja, wengi kwa umbea. Shemeji alifika mwisho, na koti lile lile. Nikampakulia. Akashika bakuli, asile. Maongezi yakakatika, kila mtu akamtazama yeye, kisha mimi. Kwetu anayegawa pombe huonja kwanza, kuondoa uchawi. Basi mimi mchawi nikachukua kijiko chake, nikaonja, nikameza, nikamrudishia.

"Shemeji," alininong'oneza, "ulijua?"

"Utomvu hautoki kwenye nguo, shemeji."

Akatazama mkono wa koti. Halafu akala. Alikula ameinama, machozi yakidondokea chakula, na mama yake, asiyejua lolote, akamwambia asione aibu, akamwongezea kutoka kwenye chungu kile kile.