Rangi ya Kofia ya Nungunungu

Fundi Miwani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye akili timamu siku zote za mwaka isipokuwa tatu. Siku hizo tatu ndizo lilizofika jarida.

Siku nyingine alikaa chumba cha nyuma cha duka la miwani, akisaga lenzi, akikaza skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, na kunyoosha fremu ambazo wenyewe walizikalia kisha wakaapa kwamba zimejipinda zenyewe. Kazi aliimudu hasa. Lakini bahasha ya kaki ikitua mezani, mashine ilizimwa, mlango ulirudishwa, na mteja mwenye haraka aliambiwa asubiri kidogo, lenzi zake zinapoa. Lenzi hazipoi. Ila wateja hawajui, na asiyejua maana haambiwi maana.

Jarida lilikuwa la Chama cha Wapenzi wa Marehemu. Marehemu mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, aliyeandika vitabu saba vya watoto kuhusu nungunungu anayeuza maputo, biashara ambayo kwa kiumbe mwenye miiba mgongo mzima ilikuwa na matatizo yake. Watoto wa vizazi vitatu walivisoma vitabu hivyo, wakacheka, wakakua, wakaendelea na maisha. Watu mia mbili na kumi na wanne walishindwa kuendelea, wakaunda chama.

Mhariri wa jarida alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu aliyekagua shule miaka thelathini na asiridhike na hata moja. Kila baada ya miezi minne aliwatolea wenzake kurasa thelathini na mbili zilizobanwa kwa pini za kuchoma vidole. Humo ungekuta makala ya kuhesabu maputo yaliyobaki mwisho wa kitabu cha nne, pamoja na jedwali. Ungekuta uchunguzi wa mlango wa duka la nungunungu, kama unafunguka kwa ndani au kwa nje. Ungekuta picha ya nyumba aliyoishi Marehemu, iliyopigwa kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mwenye nyumba wa sasa alishawafukuza mara mbili na akaahidi kwamba ya tatu hatatumia maneno. Na ungekuta, toleo baada ya toleo, Suala la Kofia.

Suala lilikuwa hivi. Katika kitabu cha pili, nungunungu anatoka nyumbani asubuhi na kofia ya kijani. Ukurasa wa arobaini na moja, siku ileile, kabla hajapita duka lolote, upepo unaipeperusha kofia yake, na sasa ni ya bluu. Basi. Watu wazima, wenye kazi na wajukuu, walibishana juu ya kofia hiyo kwa miaka kumi na moja. Walikuwepo Wakijani, walikuwepo Wabluu, na kwenye mkutano wa mwaka, uliofanyika katika darasa la chekechea magoti yakigusa videvu, kila kundi lilikaa upande wake.

Fundi Miwani alikuwa Mkijani wa kufa kupona. Hasimu wake mkubwa alikuwa Daktari wa Meno, kiongozi wa Wabluu, bwana aliyezoea kubishana na watu ambao hawawezi kujibu kwa sababu amewajaza vyuma mdomoni. Daktari aliwahi kuandika kurasa kumi na nane kuthibitisha kwamba kijani ni bluu iliyokata tamaa. Fundi Miwani alizisoma mara mbili, akamwombea jino limuume.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache. Jioni moja alimwuliza kwa upole, "Mama Pacha, haiwezekani huyo mwandishi alisahau tu?" Mkewe alimtazama kama mtu aliyetema mate msikitini, na hakumsemesha mpaka kesho yake adhuhuri.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na alikuwa na raha zake, mpaka Jumanne moja asubuhi alipoingia dukani bibi mmoja wa miaka themanini na moja, miwani yake mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Muuzaji alitaka kuipeleka nyuma. Bibi akakataa, akasema hawezi kukabidhi macho yake kwa mtu asiyemwona, akajikongoja mwenyewe mpaka chumba cha nyuma na kuketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mezani, kati ya bisibisi na vitambaa, lilikuwepo jarida, na juu ya jalada ilikuwepo picha ya Marehemu. Bibi alilichukua, akalisogeza mpaka likagusa pua.

"Huyu dada yangu," akauliza, "amefanya nini tena?"

Fundi Miwani alipigwa na butwaa, na si kwa sababu moja. Toleo la kumi na tisa lilikuwa limechapisha ukoo mzima wa Marehemu, kwa utafiti wa miaka miwili, na kuthibitisha pasipo shaka kwamba alikuwa mtoto pekee. Na sasa mdogo wake amekaa hapa kwenye kigoda anaulizia mkono wa miwani. Akamhoji kidogo: wazazi, mtaa, shule aliyofundisha Marehemu, kovu la kidevuni. Bibi alijibu yote na kuongeza mengine ambayo chama kingelipa kwa damu kuyajua. Ndipo Fundi, roho ikiwa juu juu, akamwuliza habari za kofia.

Ilimchukua bibi muda kuelewa ni kofia gani. Alipoelewa, alicheka.

"Dada alikuwa na mafua mabaya wiki hiyo," akasema. "Chai ikamwagikia zile karatasi za katikati. Akaniambia niziandike upya, na yeye hawezi hata kuinua kichwa. Rangi sikuikumbuka. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu, nikaandika bluu."

"Na yeye hakusema kitu, Mama?"

"Alisema watoto hawatajali. Na kweli, mwanangu, kuna mtoto aliyejali?"

Fundi Miwani alitengeneza ule mkono wa miwani, akampima bibi macho kwa ajili ya lenzi mpya, akaandika anwani yake, na alipobaki peke yake alikaa akiitazama mashine iliyozimwa. Miaka kumi na moja. Barua zake tatu, moja wameikataa. Kurasa kumi na nane za Daktari wa Meno. Yote hayo yametoka kwenye kikombe cha chai na gauni.

Wiki mbili alihangaika. Akisema, anawavunjia wenzake nyumba. Akinyamaza, atakuwa anakula nao uongo kwenye sahani moja. Mumewe alimshauri awaachie watu mchezo wao, kwani hawamdhuru mtu. Lakini Fundi Miwani alikuwa ametumia maisha yake kuwasaidia watu waone vizuri, na hakuona kwa nini wanachama wasamehewe. Akapiga moyo konde, akaandika kila kitu kama kilivyosemwa, akatuma.

Toleo lililofuata, barua yake ilichapishwa nzima. Chini yake palikuwa na maelezo ya Mhariri, marefu kuliko barua. Mhariri alimshukuru mwanachama kwa bidii yake. Hata hivyo, alieleza, shahidi amekiri kwa kinywa chake kwamba hakukumbuka rangi, na mtu asiyekumbuka hawezi kuwa ushahidi wa jambo asilolikumbuka. Isitoshe, toleo la kumi na tisa lilikwisha kuthibitisha kwamba Marehemu hakuwa na ndugu. Kwa hiyo, mpaka toleo hilo litakapopingwa kwa utafiti wa kiwango kilekile, itabidi bibi huyo achukuliwe kuwa hayupo. Daktari wa Meno naye aliandika kwamba hata kama yupo, kuchagua kwake bluu katika dunia yenye rangi zote kunaonyesha wazi nia ya Marehemu ilivyompenya bila yeye kujua. Na ukurasa wa ishirini kulizaliwa kundi la tatu, Wachai, walioshikilia kwamba kofia ilikuwa ya kijani hadi ilipomwagikiwa.

Fundi Miwani alisoma hayo damu ikimchemka. Siku hiyo lenzi mpya za bibi, ambazo vioo vyake vilikwama bandarini miezi mitatu, zilikuwa tayari, akazipeleka mwenyewe, ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye dirisha moja kubwa na ndoo tatu za maua. Akamvalisha miwani, akaikaza nyuma ya masikio, kisha akamsomea maelezo ya Mhariri neno kwa neno. Bibi alicheka mpaka akaivua ile miwani mpya ili afute machozi.

"Kwa hiyo mimi sipo," akasema. Kisha akatulia, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Lakini wewe mwanangu ni mtu mzima, una kazi yako. Vitabu hivi vilikushika wapi?"

Katika miaka yote ya uanachama, hakuna aliyewahi kumwuliza Fundi Miwani swali hilo. Alianza kujibu kwa mzaha, kisha akauacha. Akamweleza kwamba alipokuwa na miaka tisa alivunjika mguu, akalala kitandani wiki tisa na plasta mpaka kiunoni. Mama yake alikuwa mfuaji wa shuka za hospitali, hakuweza kukosa kazi; aliondoka alfajiri akimwachia maji, chakula na kitabu kimoja kisicho na jalada. Mlango ulifungwa kwa nje, jirani akipita mara moja kumchungulia. Kutwa nzima alikuwa yeye na nungunungu.

"Kila puto likipasuka alikuwa analiomba radhi," akasema, "halafu anapuliza jingine. Hakulia, hakujilaumu kwa miiba yake. Anapuliza jingine. Nikaona kama yeye anaweza, basi na mimi wiki tisa nitaziweza."

Bibi hakucheka tena. Aliweka mkono wake juu ya jarida.

"Dada yangu aliletewa barua nyingi," akasema hatimaye. "Zote zinauliza maputo yalikuwa mangapi. Hilo lako angelipenda. Umewaandikia wenzako?"

Fundi akaeleza kwamba jarida halichapishi hisia. Ni kanuni, imeandikwa ukurasa wa mwisho. Bibi akamwambia awaandikie hivyohivyo, na kwamba hilo ni agizo la mtu ambaye hayupo.

Akaandika. Mhariri aliikata barua ikabaki mistari sita, akaibana chini ya ukurasa wa thelathini na moja, karibu na masahihisho ya chapa, chini ya kichwa cha habari "Mengineyo". Fundi Miwani alisema moyoni kwamba ni bora kuliko kutupwa, akarudi kwenye lenzi zake.

Miezi minne baadaye bahasha ilifika nene. Mhariri alieleza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, kwamba ile mistari sita imeleta barua nyingi kuliko Suala la Kofia katika miaka yake yote, na kwa kuwa chama ni cha wanachama, analazimika kuzichapisha. Mmoja alisoma vitabu hivyo chini ya meza wazazi wakigombana. Mwingine alimsomea mdogo wake aliyekuwa mgonjwa, na mdogo wake hakupona, na bado anavisoma. Barua fupi kuliko zote ilikuwa ya Daktari wa Meno. Alikuwa mtoto mwenye kigugumizi, aliandika, na kila siku baada ya shule aliusomea ukuta kitabu cha kwanza kwa sauti, kwa sababu ukuta haukucheka.

Fundi Miwani alifunga mlango wa chumba cha nyuma, akalia kwa ajili ya mtu aliyemwombea maumivu ya jino kwa miaka kumi na moja. Alipomaliza alimwandikia. Daktari alimjibu kwa adabu kubwa na kumkumbusha kwamba hata hivyo kofia ilikuwa ya bluu.

Asije mtu akadhani chama kiligeuka kuwa cha malaika. Toleo moja tu lilitosha kuharibu mambo. Aliyelala wiki tisa akafuatwa na aliyelala kumi na moja, naye akafuatwa na mmoja aliyezimia kwa muda ambao hakuna aliye hai anayeweza kuuthibitisha. Watu waliokuwa na utoto mzuri walianza kujiona wanachama wa daraja la pili. Mhariri, ambaye huruma yake nayo ilikuwa na ratiba, alitunga kanuni mpya: ugonjwa mmoja kwa kila mwanachama kwa kila toleo, na ushahidi wa hospitali ikiwezekana. Wachai nao wakachagua katibu.

Mdogo wake Marehemu aliwatumia nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Kamati ilikaa mara mbili, kisha jarida likatangaza kwa furaha kwamba bibi yupo rasmi kuanzia mwezi huo. Alijiunga, akapewa namba mia mbili na kumi na tano, na kwenye mkutano wa mwaka Daktari wa Meno alimweleza kwa dakika arobaini maana ya vitabu vya dada yake. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho na kukiri kwamba yeye alikuwa hajui hata nusu ya hayo.

Sasa jarida likifika, Fundi Miwani halisomi tena chumba cha nyuma. Hulibeba bila kulifungua mpaka ghorofa ya tatu, Jumamosi asubuhi, bibi akiwa ameshachemsha chai na kuiweka mbali na karatasi zote. Kwa miwani ile mpya bibi angeweza kusoma mwenyewe, na wote wawili wanajua hivyo. Lakini hukaa, akanyoosha miguu juani, akafumba macho, akasikiliza kurasa zote thelathini na mbili pamoja na jedwali.

"Huyu naye aliugua nini?" akauliza Jumamosi iliyopita.

"Surua, Mama."

"Surua tu?" Bibi akasikitika kidogo. "Msome haraka, twende kwa mwingine."