Fisi Amekwama Kwenye Mlama

Enzi zetu fisi hakuwa mjinga. Naomba hilo lieleweke mapema, maana siku hizi kila kitabu cha watoto ninachofungua, fisi ni yuleyule: mlafi, mwoga, anatumbukia shimoni huku sungura akimcheka. Sisi hapa Kemambo, ukoo wetu ni watu wa fisi. Hatumuui, hatumtukani, na akipita karibu na boma tunanyamaza mpaka aende zake. Sasa fikiria mtoto wa ukoo huo anaanza darasa la pili, anakabidhiwa kitabu, na jambo la kwanza kabisa analolisoma kwa sauti mbele ya bibi yake ni kwamba fisi ni mpumbavu.

Mtoto huyo nilikuwa mimi, Bhoke. Bibi yangu Robhi alikuwa ameanika wimbi uani, na mimi na binamu yangu Nyangi kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku. Mpaka leo naikumbuka harufu ya wimbi likipigwa na jua la alasiri, na kibuyu cha maziwa mgando kilichokaa kivulini, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa kabla kazi haijaisha. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Lakini neno "mpumbavu" alilijua. Akasimama, mikono kiunoni.

"We mwiseke, binti we, nani kaandika hiyo?"

Nikasema sijui, ni kitabu cha shule.

"Huyo hajaona fisi. Leta daftari, andika."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuandika, msidanganywe na cheti changu cha darasa la saba. Shuleni tulikuwa tunanakili ubao tu. Kwa bibi nilisimuliwa kwa Kikurya, nikaandika kwa Kiswahili, kisha nikamsomea nikikigeuza tena kuwa Kikurya, naye akinisikiliza kwa ukali kuliko mkaguzi. Nikikosea, narudia. Nikipiga miayo, napigwa kwa ufagio wa kufagilia wimbi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kiangazi kimekaza, wanyama wote wamekata tamaa, fisi akajitolea kutafuta maji. Aliondokea palepale lilipo boma letu, akashuka bondeni, na kila mti aliopita ukampa alama. Mgunga ulimwambia afuate upande ilikoinama miiba yake. Mvungunya ulimwambia angoje tunda lake lianguke, aone linabiringikia wapi. Mlama ulimpa kivuli, ukamwambia asikilize nyuki wanaelekea wapi. Aliendelea hivyo, mti kwa mti, kumi na mmoja yote, mpaka mkuyu wa kwenye chemchemi. Pale akachimba kwa kucha zake, maji yakatoka, akacheka kwa sauti kubwa ili wenzake wasikie wafuate. Kwa hiyo fisi akicheka, alisema bibi, anaita watu maji.

Na miti hiyo haikuwa ya kubuni. Ilikuwa kwenye njia yetu ya kwenda kuteka maji! Tukibeba ndoo tuliihesabu kwa majina, tukijua upi una matunda, upi una dawa ya tumbo, upi una siafu. Sheria ya bibi ilikuwa moja: "Ukiruka mti mmoja, fisi kafa kiu." Tulimwonea fisi huruma mpaka tukawa walinzi wake. Siku tulipomwona mtu na panga karibu na mvungunya, mimi na Nyangi tulipiga yowe kama la mwizi wa ng'ombe, na wanaume wakaja mbio na mikuki. Tulichapwa kwa kuwasumbua, lakini mvungunya ulibaki.

Sasa njoo leo. Kila Jumamosi asubuhi kwenye darasa moja la shule yetu kuna kikao cha hadithi. Watoto wanakaa kwenye mikeka, wanasimuliwa, wanasoma, wanaandika, wanafundishwa kutunza mazingira. Jambo jema, sikatai. Anayesimamia ni kijana anaitwa Chacha, mpole, ana spika ndogo na vitabu vizuri vya rangi, na ndani yake, bila shaka, fisi ametumbukia shimoni. Nilikwenda mara ya kwanza kulalamika. Kumbe nimejipeleka mwenyewe, nikageuzwa msimuliaji.

Na watoto hawa wananichosha, wacha niseme. Wananipa shikamoo huku macho yakiwa kwenye simu ya Chacha. Ukianza hadithi wanauliza kama ina katuni. Wanasoma haraka kuliko sisi tulivyosoma, kila kitu, hadi maandishi madogo kwenye pakiti ya biskuti. Lakini watoe nje uwaulize majina ya miti: "Mti. Mti mwingine. Ule mwarobaini." Basi, wamemaliza. Nikawafundisha sheria ya bibi, nikawaahidi kwamba Jumamosi inayofuata nitawaletea hadithi nzima kutoka kwenye daftari langu. Chacha akafurahi, akasema itaingia kwenye kijitabu chao, mti mmoja kila ukurasa.

Nikafungua sanduku la bati. Daftari lipo! Mwandiko wangu umepinda, doa la maziwa lipo. Nikasoma: mgunga, mvungunya, mlama. Nikafunua ukurasa, nikakuta fisi yuko kwenye mkuyu anachimba. Miti saba ya katikati haipo.

Nyinyi wa rika langu mmeshajua. Nilipokuwa darasa la saba kulikuwa na mvulana wa kijiji cha pili, na barua haziandikwi hewani. Nilichana karatasi safi za nyuma, moja leo, nyingine wiki ijayo. Na daftari la pini, ukichana karatasi ya nyuma, pacha wake wa mbele analegea na kuanguka. Mama alikuwa anaziokota na kuwashia moto. Niliona, nikaendelea kuandika barua zangu.

Mvulana yule ndiye mume wangu, Mwita. Nikamuuliza kama anakumbuka zile barua. "Nilizivutia tumbaku," akasema, akaendelea kula nyama yake ya kichuri. Nikampigia Nyangi, anaishi Sirari siku hizi. "Dada, mimi nilikuwa nafukuza kuku," akanijibu. "Mwandishi si ulikuwa wewe?" Na hapo ndipo hasira zilinipanda, kwa sababu amesema kweli. Nilishaandika, nikaona kichwa changu hakina haja ya kushika.

Nikasema basi, nitaifuata njia yenyewe, miti itanikumbusha. Nikashuka bondeni peke yangu. Ni mahindi, kisha mihogo, kisha mahindi tena, na shimo kubwa lililoota nyasi. Shimo hilo nalifahamu. Ndipo Mwita alipochimba udongo na kufyatua matofali ya nyumba yetu, na tanuru lilikula magogo siku nne bila kuzimika. Mimi ndiye niliyewapikia uji vijana waliokata yale magogo hapohapo njiani. Nilikuwa na furaha, nahama kutoka nyumba ya nyasi. Mkuyu umebaki, na chemchemi ina tope.

Jumamosi ikafika. Nikasoma vizuri mpaka kwenye mlama, kisha nikafunika daftari na kujaribu ujanja. "Akapita mwembe," nikasema. "Akapita mparachichi."

Ghati, wa darasa la tatu, akanyoosha mkono. "Bibi, mparachichi si tulipewa miche juzi hapa shuleni?"

Nikajifanya sikusikia, nikamfikisha fisi kwenye mkuyu.

"Umeruka, Bibi," akasema Ghati. Hakuwa na utani. "Fisi atakufa kiu."

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata kwa ufagio wa bibi. Nikawaambia yote: barua, moto wa mama, tanuru. Chacha akanong'ona, "Mama, tuweke picha tu, kijitabu kinasubiriwa." Nikakataa. Kurasa saba zibaki nyeupe.

Enzi zetu kitabu kilikosea, na njia nzima ya maji ikakisahihisha. Watoto wa leo wana vitabu kabati zima, na mimi ndiye niliyepaswa kuwaonyesha njia. Wananidai kila Jumamosi, hata kabla ya shikamoo: "Bibi, fisi kafika?" Nawajibu bado, yuko kwenye mlama, anasikiliza nyuki. Kisha narudi nyumbani nimechoka, naegemea ukuta wangu mzuri wa matofali, na mlama umo humo.