Ng'ombe Alikuwa na Bima, Mke Wangu Hakuwa Nayo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nainamisha kichwa, ingawa mwisho wake ulinipa furaha isiyoisha. Nilikuwa kijana mkulima hapa karibu na Chaka, nina mke, Wanjiru, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wote wawili walikuwa na mimba, na nakiri nilimwangalia ng'ombe zaidi.

Asubuhi hiyo Mzee Gichuki, daktari wa mifugo, alikuja kumpima. Nilimweleza kwa majivuno siku aliyopandishwa ng'ombe, tarehe atakayozaa, hata bima niliyomchukulia kupitia ushirika wa maziwa. Wanjiru akapita na mzigo wa majani mgongoni, miguu imevimba. Mzee akaniuliza, "Na huyu mama atazaa lini?"

Nikakuna kichwa. Nikasema labda baada ya mavuno. Kliniki hajaenda, nikaongeza, maana bima ni ya watu wa mshahara, kama dada yangu aliyeajiriwa kwenye shamba la maua kule Timau.

Mzee akaosha mikono polepole. "Kijana, ng'ombe akikufa utalipwa, ununue mwingine. Na huyu mama utamnunua wapi?"

Wanjiru alisikia. Alikaza kamba ya mzigo wake akaendelea kutembea, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake tulikwenda Nyeri mjini tukajiandikisha bima ya afya ya serikali. Kumbe mkulima naye huipata, sikuwahi kuuliza. Kutoka hapo tukaenda kliniki. Muuguzi alimpima Wanjiru presha mara mbili, akakunja uso. Ilikuwa juu mno. Akampa dawa, akatuagiza turudi kila baada ya wiki mbili, nasi hatukukosa hata mara moja.

Miezi mitatu baadaye presha ilipanda tena, lakini safari hii madaktari walikuwa wakimjua. Walimpasua mapema wakamtoa mtoto, na bima ikalipa. Mama na mtoto, wote wazima! Mama mkwe akapiga vigelegele vitatu, desturi yetu kwa msichana. Nikamwomba aongeze viwili, viwe vitano kama vya mvulana, naye akaongeza akicheka na kulia.

Basi mwanangu, usipoiga ujinga wangu nitashukuru. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lipia bima mkiwa wazima. Siku hizi hata kwa simu unajiandikisha, umebaki na kisingizio gani? Mpeleke mkeo kliniki kabla tumbo halijaonekana, uingie naye, umsikilize muuguzi kwa masikio yako. Mungu akujalie mtoto mwenye afya, na mama yake awepo kumnyonyesha.