Tovuti Ilisema Kilima Ni Chetu, Nami Nikakubali

Kosa ni langu. Si la simu, si la mashine, wala si la shetani. Nilisingizia vyote hivyo mpaka nikachoka mwenyewe. Leo nawaambia nyote, mnihukumu mtakavyo: mkono ulioshika ile fimbo ni huu ninaoandikia.

Mimi ni mtu wa Masisi, mashariki mwa Kongo, karibu na Karuba. Kwetu ni ng'ombe na maziwa. Mimi na mdogo wangu Moize tulikuwa tunatengeneza jibini, zile fromaji za mviringo ambazo watu wa Goma wanazipenda. Chini ya kilima hichohicho walikaa kina Papa Bahati, wakulima wa maharage.

Familia zetu zilikuwa na mapatano tangu enzi za babu zetu. Wakishavuna, ng'ombe wetu wanashuka mashambani, wanakula mabaki ya maharage, wanaacha samadi. Lakini kabla ng'ombe hawajaingia, tunakaa wote ukingoni mwa shamba. Wao wanaleta sufuria ya maharage, sisi tunaleta maziwa, tunakula pamoja. Karatasi hakuna, ni kula huko tu. Na msidhani ni jambo dogo! Kwenye milima yetu watu wameuana kwa kipande cha ardhi kisichotosha kufunga mbuzi.

Basi nikataka tovuti ya kuuzia fromaji. Papa Bahati ana binti, Neema, aliyesoma informatiki Goma, na kutengeneza tovuti ndiyo kazi yake. Alinifuata mwenyewe.

“Kaka, nitakutengenezea site ya muzuri,” aliniambia. “Lakini kwanza tupande kilima yote, mimi na weye. Niongee na Moize, niongee na Papa, niongee na bale bantu benye kukamua. Nipige picha. Na kila neno yenye nitaandika, mutasoma kwanza.”

“Juu ya nini kuongea na bantu yote? Ni fromaji tu!”

“Kaka, ukiweka kilima ku internet, kila muntu ataangalia kama iko ndani ao hapana.”

Nikaona ananichelewesha. Niseme kweli? Niliona pia anajifanya. Binti niliyemwona akikimbia pekupeku nyuma ya ndama zetu, leo ananipa masharti! Nikamwambia nitafikiri, na sikufikiri lolote.

Rafiki yangu mmoja akanionyesha programu ya akili bandia. Unajibu maswali machache kwenye simu, inakutengenezea tovuti nzima kabla chai haijapoa. Nikajibu tunauza nini na tuko wapi. Ilipouliza tunataka kuonekana vipi, nikaandika: ya kale, safi, ya familia moja. Nikabonyeza.

Loo! Kikafunguka kilima kizuri kuliko Masisi yenyewe. Majani mabichi toka chini mpaka juu, ng'ombe wanene, ukungu kidogo. Na Kifaransa chake kitamu! Kilisema kwamba tangu karne nyingi familia yetu ndiyo mmiliki pekee wa kilima hiki, ambacho hakijawahi kuguswa na jembe.

Hapa ndipo penye ungamo lenyewe. Watu wote niliwaambia kwamba sikuisoma sentensi hiyo. Hata padri nilimwambia hivyo. Niliisoma! Nikasita kidogo, kisha ikanifurahisha. Ndiyo, ilinifurahisha. Nikaitangaza tovuti, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Karuba ili nijisifu.

Kesho yake alasiri tulikuwa tunakamua. Papa Bahati akapanda na wanawe wawili, kila mmoja na panga. Kwetu kila mkulima hutembea na panga, kwa hiyo sikushtuka. Mzee alikuwa ameshika simu. Neema alikuja nyuma yake akimvuta shati.

“Mutoto wangu,” alisema kwa sauti yake ya siku zote, “nionyeshe shamba yangu hapa.”

Akaninyooshea ile simu.

“Nyumba yangu iko wapi? Kaburi ya mama yangu iko wapi? Nimeangalia picha yote. Iko majani tu.”

Mungu wangu, ningepewa nafasi hiyo tena! Yule mzee ndiye aliyembeba mama yangu mgongoni tulipokimbia vita kwenda Sake. Ilinipasa nipige magoti, niseme pardon Papa, nafuta sasa hivi. Lakini wakamuaji walikuwa wananitazama, Moize ananitazama, na mimi ni mtu wa hasira.

“Ni mashini njo iliandika,” nilisema. Ningeishia hapo! Nikaongeza: “Na mashini haina uongo. Kilima ni yetu. Tuliwaacha mulime tu.”

“Papa, twende! Usimujibu!” Neema alilia.

Papa Bahati akanizaba kofi. Lilikuwa kofi la mzazi, wala halikuniumiza. Mimi nikainua fimbo ya ng'ombe, nikampiga nayo usoni kwa nguvu zangu zote.

Mlio ule bado nausikia. Alianguka juu ya ndoo, maziwa yakamwagika, yakawa mekundu chini ya kichwa chake. Nikampiga tena akiwa chini. Naam, chini! Neema akajitupa juu ya baba yake, na fimbo iliyofuata ikamvunja yeye mkono.

Wanawe hawakunigusa mimi. Waliwageukia ng'ombe. Walikuwa wanakata mishipa ya miguu ya nyuma, huyu, kisha yule. Ng'ombe anajaribu kusimama, anakaa chini kama mbwa, analia. Moize akakimbia kumkinga ng'ombe wake mwekundu, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu ndama, na panga likashuka juu ya mkono wake wa kulia. Vidole vilibaki kwenye majani.

Vijana wa upande wetu waliposikia mayowe walishuka wakachoma maharage yaliyokuwa yameanikwa, kisha wakachoma nyumba ya Papa Bahati. Wa upande wao wakapanda wakachoma kibanda chetu cha fromaji. Mama mmoja aliyekuwa ametoka kutukamulia alipigwa jiwe la kichwa, na hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Jua lilipozama, moshi ulikuwa pande zote mbili.

Niliifuta tovuti jioni hiyohiyo, damu ikiwa bado kwenye kioo cha simu. Ya nini? Picha za ukurasa wake zilishafika mpaka Walikale. Ndugu za Papa Bahati wa kule Buleusa walizipata kabla hawajapata habari za kuumizwa kwake. Watu wasionijua walikuwa wanatukanana kwa ajili ya kilima chetu na kuahidiana kuuana.

Wazee wa pande zote mbili walitukalisha, nikatozwa ng'ombe, nikatoa. Mzee alishapoteza jicho la kushoto. Yeye na watu wake wako kambini Lushebere, chini ya turubai. Sisi tumehamia Mushaki kwa wajomba. Moize hawezi kukamua tena. Hanilaumu kwa neno hata moja. Anakula mbele yangu kwa mkono wa kushoto, chakula kinamwangukia, anaokota, anaendelea kula. Heri angenitukana!

Mwishowe nikaenda Lushebere. Neema alikuwa nje, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

“Unafwata nini hapa?”

“Kuomba pardon.”

“Ningeweka jina ya Papa ku site yako. Basi. Njo ilikuwa tu ile,” alisema, akanifungulia turubai.

Papa Bahati alikuwa amekalia bidoni, dumu tupu la maji. Nikapiga magoti mbele yake, lakini alinizuia kwa mkono.

“Hapana hapo. Pita huku, ku upande ya jicho yenye ulitoboa. Nitakusikia, lakini sitaki kukuona.”

Nikahamia upande huo. Nikasema yote, hata lile la sentensi niliyoisoma na kuipenda. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, uso umeelekea kwingine: “Na Moize, mukono yake iko inapona?”

Nililia, jamani, nililia bila aibu mbele ya wanawe.

Ndugu zangu, sikatazi mtu kutumia akili bandia. Kama unauza kitu chako peke yako, itumie. Lakini kama mahali pako mnapakalia na wengine, mtafute fundi atakayekuja kwa miguu yake, aone nyumba zilizopo, aulize ni za nani. Akikusumbua kwa maswali, msikilize! Na ukiona mashine imekuandikia uongo unaokupendeza, usiutume kwa mtu yeyote. Ufute upesi, kabla jirani yako hajapanda kuja kukuuliza.