Pua ya Mashine

Kikohozi cha mama mkwe ndicho kilichotuingiza katika habari ya mashine. Tulikuwa tunaishi ndani ya basi kuukuu ambalo mume wangu, fundi wa pampu za visima, alilitoa viti na kuligeuza nyumba, ili kazi ikimpeleka Kakuma au ikimrudisha Lodwar tusiachane. Mama yake tulikuwa naye humo. Daktari alikuwa ametuambia bila kuzungukazunguka kwamba kifua chake hakitastahimili vumbi mwaka mwingine. Na vumbi la kwetu hukaa kwenye nguo. Shuka ukiianika asubuhi, ukiianua mchana ina rangi ya barabara. Mama alikuwa anajifunika vumbi na kulivuta usingizini, nami namsikia.

Mume wangu akasema tununue mashine ya kufua na ya kukausha. Nilicheka nikashika mbavu. Mashine ya kukausha nguo, Turkana, na jua lote hili! Lakini kikohozi kile kilikuwa kinanitia hofu, kwa hiyo nilicheka kisha nikakubali.

Tulizipata Kakuma, kwa fundi Mkongomani aliyenunua vyombo vya watu wanaohama na kuvitengeneza. Ya kufua haikutusumbua. Ilikuwa ndogo, mlango juu, na sola yetu ingeiweza. Shida ilikuwa ya kukausha. Ya umeme mtupu ingemaliza betri kabla soksi haijakauka. Nyingine ilichoma gesi ya mtungi kama jiko, na umeme ulikuwa wa kuzungusha pipa tu. Niliinama nikachungulia ule moto wa bluu ukiwaka nyuma ya bati, sikuupenda. Mume wangu aliupenda. Tukaichukua.

Kuzifunga kulichukua siku mbili. Ziliwekwa juu ya ekseli ya nyuma ili basi lisilalie upande, kila mguu juu ya kipande cha tairi, zikakazwa sakafuni kwa bolti. Kisha fundi akatoboa ubavu wa basi, tundu la ukubwa wa kikombe cha chai, akapitisha bomba la kutolea hewa chafu. Akaniita nje nione.

"Mama, mashini iko inapumua kwa hii njia. Hii ndiyo pua yake. Usifungake hata siku moja. Moshi ya gesi haionekane, haina harufu, lakini inauaka."

"Nimesikia," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayeambiwa jambo mara ya tano. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama mkwe hakuizoea. Ilipowaka alihamia upande wa dereva, akaipa mgongo. "Hii kitu inakula moto ndani ya nyumba," alisema. "Na nyinyi nalala karibu." Lakini shuka zilitoka safi, na kikohozi kikapungua. Hata yeye akaacha kuhama. Hapo ndipo nilipojisahau.

Sisi tuliokulia Lodwar, upepo ukivuma hatufikirii. Mama yangu mzazi aliweka mfuko wa matambara nyuma ya mlango, na vumbi lilipoinuka sote tulikimbilia kuziba: chini ya mlango, pembe za dirisha, kila tundu linaloonyesha mwanga. Mikono yetu inaijua kazi hiyo kuliko kuandika.

Mchana mmoja tukiwa Kakuma upepo ulikuja, mwekundu, ukafuta vilima. Nililizunguka basi nikisukuma vioo na kuziba nyufa. Nikaona tundu jingine ubavuni, mchanga unaingia. Nikalishindilia kipande cha shuka ya zamani, kwa kidole gumba, hadi kikakaza. Nilijisifu, hata. Kisha nikaingia ndani, nikawasha mashine ya kukausha, nikamwambia mama mkwe aliyekuwa amejilaza, "Nampelekea mwanao chakula kisimani."

"Ejok," akasema. Sawa.

Kisima hakikuwa mbali. Nilimkuta mume wangu akiwa amelitoa bomba la pampu, mdomo wa bomba umezibwa tambara mchanga usiingie. Akalichomoa tambara ili anionyeshe kutu. Nikaliangalia lile tambara mkononi mwake. Nikakiona kidole changu gumba kikishindilia pua ya mashine.

Sikumbuki sufuria ilianguka wapi. Nilikimbia nikilia kwa sauti, mume wangu nyuma yangu akiuliza kuna nini, na sikuwa na pumzi ya kumjibu. Ndani ya basi palikuwa na joto na harufu nzuri ya sabuni. Mashine ilizunguka taratibu. Mama mkwe alikuwa amelala kama nilivyomwacha, mdomo wazi, na hakuwa anakohoa.

Tulimburuta nje, tukamlaza mchangani, katikati ya vumbi lilelile. Nikapiga magoti nikimwita mama, mama. Usoni pake vumbi lilikuwa linatua na halipeperuki. Sijawahi kujichukia vile. Kisha kifua kikainuka, akakohoa, kile kikohozi kibaya kilichonikosesha raha miaka miwili, nami nikamshukuru Mungu kila alipokohoa.

Mashine ya gesi tuliing'oa. Shuka sasa zinaanikwa nje, zinarudi na rangi ya barabara, na alilosema daktari bado liko palepale. Mama anakohoa tena asubuhi na jioni. Mimi napika, nafagia, nateka maji, sikio likiwa kwake. Kikohozi kikinyamaza, naacha ninachofanya, naenda kumwangalia.