Gia ya Pili na Goti la Mama Mkwe

Gari langu lilitoka kiwandani kabla mimi sijazaliwa, na nililinunua nikiwa na akili zangu timamu. Nasema hivyo kwa sababu mke wangu hadi leo huwa anauliza. Ni gari dogo la rangi ya maziwa, taa zake za duara, usukani mwembamba kama mkanda, na gia nne zinazoendeshwa kwa liva ndefu ya chuma iliyosimama sakafuni, katikati ya dereva na abiria wa mbele. Siku nilipolileta nyumbani Nkende, mzee jirani alipapasa boneti taratibu, akasema gari kama hilo ndilo lililomleta mkaguzi wa shule wakati yeye yuko darasa la tatu. Nilijisikia vizuri sana. Mke wangu alisema mkaguzi huyo labda alilikimbia.

Tatizo lilikuwa liva. Ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiiachia inalala yenyewe, kama mtu aliyepitiwa na usingizi kanisani. Gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa kushoto, upande wa abiria, na kadiri liva ilivyozidi kulegea ndivyo gia hizo zilivyozidi kuhamia kwake. Fundi wetu wa Nkende alinionyesha chanzo: chini kabisa ya liva kuna bushi, kijipete cha plastiki kinachoishika isiyumbe. Yangu ilikuwa imemeguka kama ukoko wa ugali.

"Hizi hazipo tena," fundi akasema. "Labda ujaribu Sirari."

Nilikwenda Sirari. Muuza spea alikigeuza kile kipande kiganjani, akaniangalia kwa huruma. "Boss, hii hata babu yangu hakuwahi kuiuza. Tafuta tu kitu uweke hapo, ikae."

Basi Jumapili baada ya ibada nikatafuta kitu. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungushia mguu wa liva, nikairudisha mahali pake. Ilishika vizuri. Nilimwita mke wangu aje aone, akaja, akaitikisa liva, akasema "haya", akarudi jikoni.

Wiki hiyohiyo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu aliyeolewa Kisaka, alijifungua mtoto wa kwanza. Mama mkwe, anayekaa Turwa huko pembeni kwenye mashamba, ilibidi apelekwe akamwogeshe mzazi. Na aliyekuwa na gari katika ukoo mzima ni mimi.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawali chombo kimoja, hawapeani mkono, hawaangaliani usoni. Ninamwamkia shikamoo nikiwa nimetazama chini, naye huitikia marahaba akiwa ametazama migomba. Likiwapo jambo la zaidi ya hapo, linapita kwa mke wangu. Tumeishi hivyo miaka kumi na moja kwa amani kubwa. Kwa hiyo mpango ulikuwa mama akae nyuma kabisa, mke wangu mbele.

Kumbe mama akikaa nyuma anatapika. Alitwambia akiwa ameshasimama mlangoni na furushi lake, kibuyu cha samli ya mzazi na kuku mmoja. Mke wangu akaingia nyuma pamoja na kuku, mkungu wa ndizi na kiroba cha unga wa ulezi. Mama mkwe akakaa mbele, mikono mapajani, magoti yamebana. Niliangalia yale magoti kwa pembe ya jicho, kisha nikaiangalia liva, jasho likaanza kunitoka.

Nikaweka gia ya tatu.

Gari lililolazimishwa kuondoka na gia ya tatu hutetemeka kama mtu wa malaria. Tulitoka Turwa tukitikisika hadi kuku akapiga kelele.

"Baba watoto, mbona hivi?" mke wangu akauliza.

"Injini haijapata moto," nikasema.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kwenye barabara tambarare nilikuwa sawa, tatu na nne, upande wangu mwenyewe wa gari. Kwenye tuta nilipunguza mwendo nikipanda na tatu, gari likikoroma, mimi nikikohoa ili kulifunika. Lakini vumbi na makorongo vilikuwa vinafanya kazi yao kwenye ule mpira wa baiskeli, na kabla hatujafika Mto Mara liva ilianza tena kulala. Safari hii haikungoja niiguse. Kila tukiingia shimoni ilikwenda yenyewe kushoto, tik, ikagonga goti la mama, nami nikairudisha haraka kama ninayemwondoa nyoka.

Mara ya nne mama mkwe alizungumza, akitazama mbele.

"Binti yangu, muulize mwenzako hicho chuma kinatafuta nini kwenye goti langu."

Nilijua mke wangu anajiuma midomo. "Baba watoto, mama anauliza chuma kinatafuta nini."

"Mwambie mama anisamehe. Ni bushi."

"Mama, anasema ni bushi."

"Bushi ni nani?"

Tulivuka daraja, na mbele yetu mlima ukasimama.

Dereva yeyote angeweka gia ya pili. Mimi niliukabili na ya tatu, nikiinamia usukani kana kwamba kifua changu kingesaidia. Nusu ya mlima injini ilianza kusali sala zake za mwisho. "Weka mbili!" mke wangu akapiga kelele. "Mbili, baba watoto! Mama, sogeza miguu!" Mama akageuza magoti dirishani, nami nikafumba macho, nikaivuta liva kwa nguvu ya aibu yote niliyokuwa nayo.

Ikang'oka. Ilitoka nzima, na kirungu chake na ule mpira wa baiskeli uking'inia chini kama soksi. Gari likazimika, likaanza kurudi nyuma taratibu. Nilivuta breki ya mkono kwa mkono uleule ulioshika liva, sijui kwa namna gani, na mke wangu akaruka nje na kusukumiza jiwe kwenye gurudumu. Gari likatulia. Nilibaki nimekaa, liva nimeisimamisha mbele yangu kama mshumaa.

Mke wangu akaingiza kichwa dirishani. Hakuuliza kama tumeumia. Alituangalia mmoja mmoja, mama yake aliyegeukia dirisha na mumewe mwenye mshumaa, akaenda kukaa kwenye jiwe lingine, akacheka mpaka akalia.

Mke akiwa nje, ndani hapakuwa na mtu wa kupitisha maneno. Nilisubiri. Hatimaye mama akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Mura, nipe hicho chuma."

Mura ni kijana. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuniita chochote. Nikampa.

Mama mkwe wangu ni mtu wa kutengeneza vibuyu. Watu wanamletea vibuyu vya maziwa vilivyopasuka, anavishona kwa sindano nene na uzi wa katani hadi haviwezi kuvuja. Aliuchunguza mguu wa liva, akatoa ule mpira akautupa dirishani. Akaingiza kidole kwenye tundu la sakafuni, akakizungusha.

"Mdomo ni mpana, kizibo ni chembamba," akasema. "Mpira unanepa. Kunahitajika kitu kigumu. Una dumu?"

Nilikuwa na dumu la maji kwenye buti. Alilikata shingo kwa kisu chake kidogo, akapata pete ya plastiki nene, akaichonga pole pole, akiijaribu, akiitoa, akiichonga tena. Kisha akafungua kibuyu cha samli na kuipaka pete kwa ukarimu. Pete ikaingia kwa kubana. Liva ikasimama wima kama askari.

Akaokota kifuniko cha chuma chenye springi, kile kinachoikandamiza liva isitoke. "Hiki kinasukumwa chini na kuzungushwa. Nani alikifunga bila kukizungusha?"

"Ni fundi, mama," nikasema, nikiangalia chini.

"Fundi gani?" mke wangu akasema kutoka kwenye jiwe lake. "Si wewe mwenyewe Jumapili?"

Nilikizungusha. Tukaupanda mlima na gia ya pili, na liva haikumgusa mtu.

Jambo moja hatukulifikiria. Gia boksi likipata moto, samli nayo inapata moto. Maili chache mbele gari zima lilikuwa linanuka maandazi, na tulipoingia Kisaka mbwa watano walitupokea barabarani wakatusindikiza hadi uani, wakalizunguka gari wakilamba sakafu mlango ulipofunguliwa. Mume wa shemeji alitoka akiwa ameshaamini tumeleta chakula kilichopikwa.

Mtoto alikuwa mzima, mweusi, mwenye hasira. Mama mkwe alimpokea, akaingia ndani, akanipa mgongo kama desturi inavyotaka. Habari ya liva hata hivyo ilisambaa kabla ya chai. Jioni hiyo watu walileta pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa, pedali ya baiskeli na redio. Pampu na pedali alivitengeneza akiwa amempakata mjukuu. Redio aliirudisha. Alimwambia binti yake amwambie mwenye nayo kwamba yeye hashughuliki na vitu visivyo na mdomo wala kizibo, na kwamba dumu linalofuata liwe safi, lile la mkwe wake lilikuwa limewahi kuwekwa mafuta ya taa.