Salamu kutoka Mlimani

Sipendi uongo wodini. Mgonjwa akidanganywa, anayebaki na matokeo ni nesi, si yule aliyedanganya akaenda zake nyumbani kula ugali. Lakini mwaka ule wa tetemeko niliusikiliza uongo kila jioni, saa za kutazama wagonjwa, na mwisho nikawa nausubiri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Maduka ya mjini yalianza kujaa vitu, viwanda navyo vikawa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Hospitali yetu ilikuwa na chumba kidogo cha wagonjwa mahututi, chenye mashine za msaada zilizoandikwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Dripu zikitupungukia tuliwatuma ndugu wakanunue duka la dawa. Tetemeko lenyewe huku mjini lilipita kama lori zito. Nilikuwa mtaa wa Mwembesongo nachagua mitumba, wala sikusimama kuuliza kulikoni. Kumbe kule juu Uluguru, ambako mvua ilikuwa imeshalowesha udongo, mteremko mzima ulishuka ukafunika nyumba.

Waliletwa majeruhi kadhaa, lakini aliyeangukia mikononi mwangu ni mama mmoja mkulima wa mboga. Alifukiwa asubuhi, akatolewa jua likiwa utosini, mguu wake umebanwa na ukuta. Mtu wa hivyo hutolewa anaongea vizuri tu, watu wakashangilia, halafu sumu ya nyama iliyopondeka inaingia kwenye damu na figo zinagoma. Mashine ya kusafisha damu hatukuwa nayo. Tulimpa maji ya dripu, na mimi nikawa mlinzi wa mfuko wa mkojo. Ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Daktari alisema tusiwape ndugu matumaini makubwa.

Kaka yake alinivuta hadi kwenye korido. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli.

"Sista, alikuwa na binti mmoja tu. Walikuwa wote ndani. Mtoto tumemzika jana," alisema. "Huyu asiambiwe. Akijua atamfuata. Tutakuwa tunamletea salamu za mtoto mpaka apate nguvu."

"Kaka yangu, hapa si mahali pa maigizo."

"Wewe tunza mwili, sista. Maneno tuachie sisi."

Nilimshtaki kwa daktari. Daktari akasema waachwe, kwa hiyo nikanyamaza, nimenuna.

Basi jioni zikawa hivyo. Wanawake wa ukoo waliteremka mlimani, wakazunguka kitanda, vitambaa wamefunga mpaka kwenye nyusi, nyuso zinacheka. Mtoto anakusalimia. Mtoto kala vizuri. Mtoto yuko kwa bibi, kakataa kuoga. Mama yule alisikiliza macho yakiwa darini, na mara chache aliuliza swali: kala nini? Kalala na nani? Nao walijibu bila kusitasita.

Midomoni mwao mtoto akazidi kukua. Alipata raba za mitumba, zikambana. Jino likalegea, likang'oka, akalirusha juu ya paa la bibi yake. Siku ya jino hilo nilikuwa nabadilisha dripu, nikaona chupa zote chumbani zinaanza kubembea kwenye vyuma vyake, taratibu, kabla miguu yetu haijasikia chochote. Ardhi ilikuwa inarudia. Mama akazitazama chupa, wanawake wakamtazama yeye. Mmoja aliinama kwa hofu na kitambaa kikamteleza. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa msiba, cheupe, bado kina alama za wembe. Akakivuta upesi, kisha wote wakaanza kucheka kwa pamoja, kama walioambiwa moja, mbili, tatu. Nilitaka kuwafukuza, badala yake nikazishika chupa zisigongane.

Kibaya zaidi kilikuwa kisa cha mluzi. Mwanamke mmoja alisema mtoto kajifunza kupiga mluzi, anausumbua mtaa mzima. Siku iliyofuata akaja mwingine, wa kijiji cha upande wa pili wa mlima, ambaye hakuwa amekutana na yule wa kwanza, naye akasema hayo hayo. Nilimfuata nje nikamuuliza walipangana lini.

"Hatujapangana, sista. Lilinijia tu mdomoni."

Aliniogopa aliponijibu, na mimi nilimwogopa. Tangu hapo nikimwogesha yule mama mchana, chumba kimetulia, nilikuwa natega sikio dirishani, mimi mtu mzima niliyesomea kazi yangu.

Na mkojo ukaanza kuongezeka. Ukawa kahawia, ukawa njano. Daktari alipopitisha mkono kwenye uvimbe wa mguu akatabasamu, akasema atahamishiwa wodi ya kawaida. Nilifurahi kama vile ni ndugu yangu. Nikamwinamia: "Umesikia, mama? Unapona."

Hakutabasamu. "Sista, nikitoka hapa ndipo mwanangu atakufa."

Nikaweka taulo chini, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kule chini nilikuwa nimemshika mkono," alisema. "Mwanzo alikuwa ananifinya. Baadaye nikawa nafinya peke yangu. Nilikuwa bado nimeushika ulipopoa."

Hasira zilinipanda, sijui za nini. "Kwa hiyo siku zote unajua! Mbona uliwaacha waseme?"

"Nyumbani kuna kaburi tu. Hapa kang'oka jino. Hapa kajua mluzi." Akageuza uso ukutani. "Wangekuwa wananiletea tu, ningekaa hapa hapa."

Sikumwambia mtu. Jioni ndugu walifika, na safari hii kaka yake alitangulia. Mlangoni akaninong'oneza kwamba daktari amemwambia hali ni nzuri, kwa hiyo leo watamweleza. Niliomba angoje. Akasema mzigo umewashinda, wanawake wawili wameanza kumwota mtoto akiwalaumu, na haya mambo yana mwisho. Akaingia, akavuta kiti, akakohoa.

Dada yake akamuwahi. "Kaka, kabla hujasema lako. Mtoto kasemaje leo?"

Wanawake walimtazama mwenye kauli. Nilimwona anamtazama dada yake usoni, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kuwa dada anajua. Akamshika mkono.

"Anasema kachoka, dada," akajibu. "Kazunguka sana. Anaomba umruhusu alale."

Vidole vya mama yule niliviona vinaufinya mkono wa kaka yake, mara moja, mara ya pili, na kaka naye akamfinya.

"Basi mwambieni alale," mama akasema.